Nililipaka kuba la Madina kwa kalamu ya kijani

Nianze kwa kosa langu mwenyewe, maana ndugu zangu nao husoma hapa, na nisiposema mimi watasema wao. Nilikuwa na miaka minane, nina tetekuwanga, nimezuiwa skuli, na nyumba nzima ya bibi pale Wete imehamia uani kwenye majamvi ya karafuu. Nikabaki ndani na vitu viwili ambavyo havikufaa kukutana: pakti ya kalamu za rangi ambazo ami aliniletea kutoka Mombasa, na Dalaili ya bibi, kitabu chake cha dini, ambacho siku hiyo kilisahauliwa juu ya marufaa badala ya kurudishwa kashani.

Ndani ya Dalaili kuna picha mbili zinazotazamana. Kulia Makka, kushoto Madina. Na pale ukumbini, juu ya mlango, ilitundikwa kalenda ya duka yenye picha ya Madina, kuba lake kijani kibichi kama jani la mgomba baada ya mvua. Chuoni kila ukifika Mfunguo Sita tukiimba kasida za kuba la kijani. Sasa nikatazama lile la kitabuni: samawati iliyopauka, kama kanzu iliyozidishiwa buluu. Nikajua moja kwa moja kilichotokea. Mchoraji aliishiwa rangi, maskini. Nikamsaidia.

Wino ulizama kama maji kwenye mchanga. Nilipofunua upande wa pili kuba lilikuwa limetokea huko pia, limekaa katikati ya maneno.

Mama alinichapa kwa kandambili, na vipele vyangu vyote. Bibi hakunigusa. Alivaa miwani, akatazama, akanusa ukurasa (alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu, hata barua), kisha akafunga kitabu. "Haya," akasema. "Na wewe sasa umo." Alhamisi iliyofuata, wanawake walipokuja kusoma, aliufungua ukurasa uleule akawazungushia mmoja mmoja: "Mjukuu wangu huyu kapaka Madina." Wakacheka. Mmoja akanipa kashata.

Leo riziki yangu ni hiyohiyo, kupaka. Nafanya hina na piko, maharusi wa Mjini na wageni wa mahoteli ya shamba. Ukinipa kitu kilichochorwa kwa mkono, jicho langu linakwenda kwanza pale mkono ulipotetemeka, kwa sababu najua uchovu unavyoingia kwenye kidole cha tatu kufika saa sita usiku na bibi harusi bado ana mguu mmoja mtupu. Ndiyo maana mwaka jana mama alinipigia mimi, si kaka zangu. Kitabu kinamwaga kurasa. "Nakuletea, wewe una mikono."

Kikaja kwa boti, ndani ya mkoba wa ukili, kimefungwa kanga mbili, jirani amekipakata safari nzima kama mtoto mchanga. Mama alinipigia kila nusu saa kuuliza boti imefika wapi, utadhani mimi ndiye nahodha.

Nilikaa nacho mwezi mzima. Miaka yote ile nilikuwa nimekisikia tu, kikisomwa. Kukitazama kwa kweli nilikuwa nimekitazama siku moja, ile ya tetekuwanga.

Kwa asiyekijua: Dalailul Khairati ni kitabu cha kumsalia Mtume, alichokitunga Muhammad bin Suleiman al-Jazuli, mtu wa Moroko aliyefariki 1465. Kimegawiwa mahizibu, yaani mafungu, ya siku za wiki, unaanza Jumatatu, unazunguka mpaka unarudi Jumatatu. Kutoka Moroko kilienea Uturuki, Hadhramaut, India mpaka Jawa, na kila kilikofika watu walikinakili kwa mkono na kukipamba. Kwetu kilisomwa usiku wa Ijumaa tu, chote au kiasi cha pumzi iliyopo, halafu kahawa. Wapo wanaopinga kisisomwe, na ubishi huo nimeusikia barazani tangu mdogo. Leo nazungumza rangi.

Kidole kiligundua kabla ya jicho. Nilikipitisha juu ya ukurasa mtupu wa mwanzo nikahisi vijituta, vimepangana kutoka juu hadi chini, havina wino. Vilitiwa kwa kibao cha mistara. Hicho ni karatasi ngumu iliyopigwa nyuzi sambamba; mwandishi analaza ukurasa juu yake, anasugua kwa dole gumba, uzi unaacha alama. Kisha anaandika juu ya alama, na msomaji haoni ila maneno yaliyonyooka. Neno letu mstari ni la ukoo huohuo. Mimi nina miaka kumi na nane kazini nahangaika kuweka vidoto vya mwongozo kwenye kiganja na kutafuta namna ya kuvificha baadaye, na kumbe kuna watu walilimaliza jambo hili kwa uzi na kidole.

Vijituta vile vilimaliza na ubishi mwingine. Ami siku zote alisema Dalaili yetu ni chapa ya Bombay, kwamba mwandiko ule umepigwa kwa jiwe. Hakusema ujinga. Katika karne ya 19 vitabu vingi vya dini vilichapwa hivyo, mwandishi anaandika kwa mkono, jiwe linarudufu, na kitabu kinatoka kama kimeandikwa. Hata hapa kwetu Seyyid Barghash alileta mtambo wake wa chapa. Lakini chapa ina weusi wa aina moja. Kwenye kitabu cha bibi unaona kalamu ilipochovywa: neno linaanza zito, linapungua, linapungua, mpaka linakuwa kahawia kama chai ya rangi, halafu puu, zito tena. Nilihesabu. Anachovya baada ya kila maneno matano au sita. Mahali pamoja alichelewa na neno likakwaruza. Nilimpenda pale.

Usiku mmoja umeme ulikatika nikawasha tochi ya simu nyuma ya karatasi, natafuta tu penye tundu. Ndani ya karatasi nikaona miezi mitatu. Siyo ya kuhesabu siku, nasema ya kuandama: mkubwa, wa kati, mdogo, imepangwa kwa safu. Ni alama ya watengenezaji wa karatasi wa Italia, huko Venice na sehemu za jirani, waliokuwa wakiitengeneza makusudi kwa ajili ya soko la nchi za Waislamu. Mwandamo mmoja mmoja wa waya kwenye chano la kuchotea rojo la karatasi, na kila karatasi inatoka na alama yake isiyoonekana mpaka uinyanyue kwenye mwanga. Basi karatasi ya Mtaliano, imeandikwa salawati na mtu wa Kiarabu au labda Mswahili, imefika Pemba kwa jahazi, inanukia udi na karafuu.

Lakini lililonitoa machozi (nacheka mwenyewe ninapoandika) ni mahali nilipokuwa nimeishika tochi. Ilikuwa kurasa za Rawdha, pale kitabu kinapoeleza makaburi matatu yalivyolala: la Mtume, la Abubakar, la Omar. Na hapohapo imesimuliwa ndoto ya Bibi Aisha, alipoota miezi mitatu imeanguka chumbani mwake, na baba yake akamwambia watazikwa nyumbani kwako watu watatu walio bora wa watu wa ardhini. Sisemi mwandishi alikusudia. Karatasi ilikuwa ndiyo iliyopo sokoni. Lakini nilimwamsha mwanangu aje aone.

Sasa picha. Makka imechorwa kana kwamba mchoraji yuko juu ya paa na yuko mlangoni kwa wakati mmoja. Uwanja unautazama kutoka juu, kama jamvi lililotandikwa, lakini Kaaba unaiona kwa mbele, na minara imelala kila mmoja kuelekea upande wake, kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Wapo watakaosema hakujua kuchora. Mimi nafanya hivyohivyo kila siku. Ua la hina nalichora petali zake kutoka juu na shina lake kutoka ubavuni, na hakuna bibi harusi aliyewahi kuniuliza amesimama wapi anayelitazama. Ukitaka kila kitu kionekane, huwezi kukubali kitu kimoja kikizibe kingine.

Kuizunguka Kaaba kuna vibanda vinne. Mama alidhani ni vya kuuzia maji. Ni mahali walipokuwa wakisimama maimamu wa madhehebu manne, Hanafi, Shafi, Maliki na Hanbali, kila mmoja na watu wake. Siku hizi havipo, vimeondolewa, imamu ni mmoja. Kwenye kitabu chetu bado vimo, na kile cha Shafi kimetiwa nukta ya dhahabu. Sijui kama ni mapenzi ya mchoraji au dhahabu ilimdondoka.

Hakuna mtu hata mmoja pichani. Wala ndege. Kilicho hai peke yake ni mitende miwili katika uwanja wa msikiti wa Madina, na hiyo bibi siku zote aliiita minazi. Sisi wajukuu wote tumekua tukijua kwamba Madina kuna minazi.

Mitende hiyo ndiyo iliyonitia simanzi. Rangi yake ya kijani imeila karatasi. Makuti yamegeuka kahawia, yamepasuka, na la juu kabisa limebaki tundu lenye umbo la kuti. Nilidhani ni mende. Siyo mende.

Aliyenieleza ni mgeni mmoja wa Kifaransa niliyempaka hina hotelini Paje. Kwa kawaida wageni wananiuliza itadumu siku ngapi. Huyu aliuliza nimetia nini ndani: ndimu, sukari, mafuta gani. Nikajua huyu ni mtu wa kazi. Kwao anashona na kutengeneza vitabu vikuukuu. Basi hina ikikauka, mikono yake haishiki kitu, nikawa namshikia simu yake mimi mwenyewe na yeye ananielekeza nibonyeze wapi.

Kijani cha zamani, akasema, mara nyingi ni kutu ya shaba. Unaning'iniza bamba la shaba juu ya siki, linaota kutu, unaikwangua, ndiyo rangi yako. Nzuri mno, lakini haijafa, inaendelea kuitafuna karatasi miaka na miaka. Wachoraji wa Iran wa zamani waliijua tabia yake na dawa yake: tia zafarani kidogo ndani ya kijani, hutuliza ukali.

Zafarani! Babu yangu, mume wa bibi huyohuyo, alikuwa mwalimu wa chuo na mwandika makombe. Alikuwa akiloweka zafarani kwa maji ya waridi, anaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa kalamu ya utete, anaiosha, unakunywa. Kwa homa, kwa jicho baya, kwa mtihani wa darasa la saba. Zafarani niliyonyweshwa mimi peke yangu ingeokoa bustani nzima ya mitende.

Kisha akanionyesha cha kwao. Ni kitabu cha sala pia, kinaitwa Très Riches Heures, walichokifanya ndugu watatu wa ukoo wa Limbourg kwa ajili ya Jean, Duke wa Berry, mwana wa mfalme wa Ufaransa. Walianza kama 1412 hivi. Kimeandikwa juu ya ngozi ya ndama iliyokwanguliwa hadi ikawa laini kama kitambaa. Na buluu yake, jamani. Nimepaka rangi maisha yangu yote, sijaona buluu kama ile: jiwe la lazwardi kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, limesagwa na kusafishwa mpaka limebaki kiini chake. Jiwe limetoka Afghanistan kwenda Ufaransa, karatasi imetoka Italia kuja Pemba. Hawa watu hawakuwa na pasipoti lakini vitu vyao vilitembea.

Vitabu vya namna ile walikuwa navyo wengi, matajiri kwa wafanyabiashara wa kawaida, na wanawake hasa. Vimepangwa kwa nyakati za sala, nane kwa usiku na mchana, kuanzia kabla ya alfajiri mpaka kulala. Hilo nililielewa bila kufafanuliwa. Alichonifafanulia ni neno. Zile picha ndogo za vitabuni wanaziita miniatura, na nilidhani, kama kila mtu, maana yake ni kitu kidogo. Asili yake ni minium, Kilatini cha rangi nyekundu ya risasi, ile waliyokuwa wakipakia herufi za mwanzo. Aliyepaka nyekundu alikuwa na jina la kazi yake, kisha jina likahamia kwenye picha, na udogo wa picha ukaja kulipora neno. Nikafungua Dalaili yangu kichwani: nyekundu iko wapi? Iko kwenye kila "Allahumma salli". Kila salawati inaanza kwa nyekundu, ili jicho la msomaji wa kandili lisipotee.

Nilimtumia mama picha ya mwezi wa Februari. Theluji kila mahali, kondoo wamejibana zizini, mizinga ya nyuki imevikwa kofia nyeupe, na ndani ya kibanda watu wanaota moto wamepandisha nguo zao mpaka si adabu. Mama akajibu kwa sauti: "Hichi ndicho kitabu cha sala? Hawa wanasali saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, nikamtumia ile ya buluu.

Mgeni wangu alinieleza jambo jingine nikalifanyia majaribio usiku uleule. Kuna mtafiti anaitwa Kathryn Rudy aliyechukua kifaa cha kupima weusi akakiweka kwenye pembe za kurasa za vitabu vya sala vya Uholanzi vya zama zile. Uchafu tu wa vidole. Penye weusi zaidi ndipo palipofunguliwa zaidi, na kwa hiyo unajua mtu aliyekufa miaka mia tano iliyopita alikuwa akiomba nini. Sina kifaa. Nina macho. Pembe za hizibu za Jumatatu, Jumanne, Jumatano za kitabu chetu ni nyeupe karibu kama mpya. Ukifika Alhamisi zinaanza kuwa nyeusi kama mwiko. Na kwenye picha ya Madina, pale chini yalipo makaburi matatu, rangi imekwisha kabisa, imebaki pembezoni tu. Nilimwona bibi mara ngapi akigusa pale kwa vidole viwili na kuvipeleka midomoni, na baada yake wanawake wote wa baraza, na baada yao sisi watoto tulioinuliwa kwapani? Kabla ya bibi alikuwa mama yake. Mahali pamoja pasiposuguliwa ni ile nafasi tupu ya kaburi la nne, ambayo kitabu chenyewe kinasema, na Mungu ndiye ajuaye, inasemwa atazikwa Nabii Isa. Nilipomwambia Mfaransa hilo alinyamaza, akaniomba nirudie.

Basi nikamwambia na la kuba. Nilikuwa nataka dawa ya kuufuta ule wino wa kalamu. Hina tunaitoa, piko tunaitoa, lazima kuna kitu. Akatikisa kichwa. Usiguse, ukiifuta hiyo utaondoka nayo karatasi. Halafu akanieleza kwamba kitabu cha Duke hakikumalizika: ndugu wote watatu walikufa 1416, na Duke mwenyewe mwaka huohuo, picha zikabaki nusunusu. Miaka mingi baadaye, karibu na 1485, mchoraji mwingine, Jean Colombe, alikuja akapaka palipobaki. Ukizitazama unamjua, mkono wake si wao. "Na yeye kalamu yake imo," akasema, "hatumfuti." Maelezo marefu, ambayo bibi aliyamaliza kwa maneno manne. Tofauti yangu na Colombe ni kuwa yeye alilipwa, mimi nikachapwa.

Nikarudi nyumbani nimetulia kidogo, mpaka nikaanza kusoma habari za lile kuba lenyewe. Afadhali nisingesoma. Kuba la kwanza juu ya kaburi la Mtume lilijengwa 1279, zama za Sultani Qalawun wa Misri, na kwa karne zote zilizofuata halikuwa kijani. Lilipakwa kijani 1837, chini ya Mahmud wa Pili wa Uturuki. Kabla ya hapo liliwahi kuwa na rangi nyingine, buluu ikiwemo.

Hakuishiwa rangi yule mtu. Alikuwa na kijani, si alipakia mitende? Alipaka buluu kwa sababu kuba lilikuwa buluu, au kwa sababu kitabu alichokuwa akikinakili kilikuwa na buluu.

Hilo la pili nalisisitiza, kwa sababu ami aliposikia alitangaza familia nzima kwamba kitabu ni cha kabla ya 1837 na thamani yake sasa haisemeki. Taratibu, ami. Wachoraji hunakili. Mimi mwenyewe napaka mpaka leo ua ambalo somo yangu alilijifunza kwa somo yake, na wala sijapata kuona mti wake. Kuba la buluu linaweza kutembea kitabu hadi kitabu miaka hamsini baada ya Madina yenyewe kubadilika.

Mama yeye alichukua upande wake mwingine. "Kwa hiyo alipatia, na wewe ukamharibia."

"Ndiyo, mama."

"Basi nilikupiga kwa haki."

Ami akataka kitabu kipelekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ambako hati nyingi za Kiarabu zimehifadhiwa, kikakae mahali pa ubaridi. Maneno ya maana, na mimi nusu yangu ilikuwa upande wake. Nyumba ya Wete ina mchwa. Kwenye ukurasa wa kwanza mtu ameandika "ya kabikaj", ndilo jina walilokuwa wakiliandika ili wadudu wasile kitabu; wengine husema ni mfalme wa mende. Mchwa wa Pemba hawakujali, jalada limeliwa mpaka ule ulimi wake wa kufunikia mbele umekatika. Lakini mama alijibu kwa swali moja: "Na Alhamisi n'tasoma nini?" Kumbe hata kile cha Duke hakitoki kwao Chantilly, Ufaransa, kinakohifadhiwa; aliyekiacha pale aliandika wosia kwamba makusanyo yake yasiazimwe. Nilipomwambia mama akafurahi sana, akamwona mtu huyo ana akili.

Basi kazi niliyoifanya ni ndogo. Sikukishona, sina elimu hiyo. Nilipangusa vumbi kwa brashi laini ya vipodozi, mpya. Selotepu ambazo mtu alizibandika zamani nimeziacha, nimeambiwa zinahitaji mtaalamu. Nimenunua bafta, nikaifua mara tatu bila buluu wala sabuni ya harufu, nikashona mfuko. Plastiki marufuku, kwa joto letu inatoa jasho.

Na nimepanga kurasa. Hapo nilidhani nitashindwa, maana kitabu hakina namba. Lakini chini ya kila ukurasa wa kulia, pembeni, kuna neno moja limeandikwa kwa kulala, peke yake. Ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Unasoma la chini, unatafuta karatasi inayoanza nalo, unaweka. Kama dhumna. Jioni moja ilitosha. Nikagundua kurasa mbili za hizibu ya Alhamisi zilikuwa zimepishana, na kwa selotepu ilivyozeeka zilipishana tangu kabla sijazaliwa. Nikampigia mama kumuuliza imekuwaje hawajaona. Akashangaa swali. "Nani anatazama? Tunajua kwa moyo."

Ukurasa wa mwisho kabisa ndio ulionikalisha. Mwandishi wa kitabu, akimaliza, huandika jina lake na siku aliyomaliza. Chetu hakina. Kinaishia na dua, na chini pembeni liko lile neno la kulala: "wa kana". Na ilikuwa. Ndivyo wanavyoanza: na ilikuwa kumalizika kwake siku fulani, mwezi fulani, mwaka fulani, kwa mkono wa fulani. Karatasi iliyofuata haimo. Nilitafuta kashani, nikamtuma mdogo wangu atafute darini, nikatikisa hata kanga mbili za safari.

Nilikirudisha Wete mwenyewe, tukafika Alhamisi. Baada ya isha wakaja wanawake, wachache kuliko zamani, mama kwenye marufaa, chetezo katikati. Akasoma mpaka mwisho, zile kurasa mbili akizisoma kwa mpango wa zamani kana kwamba sikufanya kitu. Akafika kwenye dua. Akaimaliza. Kisha, kwa sauti ileile, akivuta kama alivyokuwa akivuta bibi, akasoma na lile neno la pembeni: "Wa kaaana."

Na ukumbi mzima ukaitikia: "Amin."